Barua ya wazi kwa maaskofu na wenyeviti wa majimbo: kabla hamjamtuma kijana mwingine

Kwa maaskofu, wenyeviti wa majimbo, wachungaji viongozi na wakurugenzi wa misioni na uinjilisti katika makanisa yetu ya Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe na Ruvuma.

Bwana Yesu asifiwe. Na kwa baba zetu wa upande wa Kirumi, Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni mama wa makamo, mkazi wa Rungwe, na kwa miaka kadhaa sasa ni mhazini wa kamati ya misioni ya usharika wetu. Usharika siutaji, dayosisi siitaji, kwa kuwa ninayoyasema yanawahusu wengi na sitaki yageuzwe ugomvi wa watu wawili. Kazi yangu ni ya daftari na risiti. Ibada ikiisha tunatoka nje na mnada unaanza: mkungu wa ndizi, debe la viazi, jogoo aliyefungwa miguu, na siku hizi ndoo za parachichi. Jogoo mmoja anaweza kununuliwa mara tatu, kila anayemnunua anamrudisha mezani auzwe tena kwa ajili ya kazi ya Bwana. Fedha hizo nazihesabu mimi na wazee wawili, tunaandika, tunapeleka benki. Kwa hiyo ninaposema kuhusu sadaka ya misioni, najua imetoka mfuko wa nani.

Zamani fungu hili lilikuwa likienda Usangu, Chunya, bonde la Rukwa. Mwinjilisti alipewa baiskeli na mabati ya kuezekea kanisa, tukamwona tena Krismasi. Sasa linapeleka vijana kwenye nchi ambako kuhubiri ni kosa la jinai. Sipingi Injili kufika huko, na anayenijua hatanisingizia hilo. Ninachopinga ni kumpeleka kijana wa miaka 23 na begi mgongoni, hajui lugha, hana bima, hajui sheria ya anakokwenda, na wala Mkristo wa kule hajaulizwa kama anataka mgeni wa namna hiyo. Baraka mnampa ninyi, picha mnapiga ninyi, lakini mambo yakiharibika wanaolipa ni watu ambao hawakuwa kwenye kikao chenu.

Nadhani tatizo linaanzia kwenye raha tuliyonayo hapa. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 19, inatupa uhuru wa kuabudu na kueneza dini kwa hiari ya mtu. Jumamosi jioni pale Mwanjelwa, mjini Mbeya, unaweza kusikia mahubiri matatu kwa wakati mmoja, kila spika ikijitahidi kuifunika ya jirani yake, na hakuna anayekamatwa. Kijana aliyelelewa hapo anaamini dunia nzima ni Mwanjelwa.

Basi na ajue. Katiba ya muda ya Somalia ya mwaka 2012 inasema hakuna dini itakayoenezwa nchini humo isipokuwa Uislamu. Algeria ina sheria ya mwaka 2006 inayoweza kumfunga kati ya miaka 2 na 5 mtu anayejaribu kumtoa Mwislamu katika dini yake. Komoro, ambako wengi wetu hupadhania kuwa ni Unguja nyingine kwa sababu lugha yao ni ndugu ya Kiswahili, kuwahubiria Waislamu dini nyingine ni kosa mahakamani. Saudi Arabia haina jengo la kanisa hata moja. Wala hili si la Waislamu peke yao, na majirani zetu Waislamu wa Kyela na Mbarali tunaozikana nao wasidhani nawasema wao. Korea Kaskazini haina habari na Uislamu, na huko Mmarekani Kenneth Bae alihukumiwa miaka 15 ya kazi ngumu mwaka 2013. Aliachiwa Novemba 2014, baada ya afisa mkubwa wa serikali ya Marekani kwenda Pyongyang mwenyewe kumchukua. Nauliza kwa heshima: kijana wetu akishikwa, nani kati yenu atapanda ndege kwenda kumchukua?

Sasa niwaeleze lililonifanya nishike kalamu. Kundi letu la WhatsApp la misioni lina watu wengi, wengine hata sijui waliingiaje. Siku moja iliwekwa picha kutoka nchi ambayo sitaitaja. Kijana wa kule ameinama juu ya beseni la bluu, maji yanamtiririka kichwani, mkono wa mtu wetu uko begani mwake. Sura yake inaonekana yote. Nyuma yake dirisha liko wazi, na ng'ambo ya barabara kuna bango la duka lenye jina la mwenye duka na namba ya simu, unaisoma bila kukaza macho. Chini yake imeandikwa: "Utukufu kwa Bwana! Roho moja imeokolewa! Washirikishe wengine." Na watu wakashirikisha kweli. Kabla ya jioni nilitumiwa picha ile ile na dada yangu aliyeko Makambako, ambaye si wa kanisa letu, akiniuliza kama nimeiona. Jumapili iliyofuata ikaoneshwa ukutani kwa projekta kabla ya matoleo, na matoleo yalikuwa mazuri. Nilihesabu mwenyewe.

Mtu wetu alikuwa amesharudi nyumbani. Yule wa beseni yuko pale pale, mtaa ule ule, na baba yake, wajomba zake na mwenye duka. Mahali pengi anayebadili dini hasumbuliwi kwanza na serikali. Wanaomwanza ni watu wa ukoo wake: anafukuzwa nyumbani, mke anachukuliwa na wazazi wake, watoto wanahamishwa, mwajiri anasikia. Polisi huja baadaye, wakija. Sisi tulimpa adui zake picha, mtaa na namba ya simu ya jirani, kisha tukapitisha kapu. Hadi leo hakuna aliyeniambia yule kijana anaendeleaje, na nimeuliza.

Mtaniambia ni kisa kimoja. Haya, tuangalie makubwa yanayojulikana duniani. Julai 2007 watu 23 wa kanisa moja la Bundang, karibu na Seoul, walikuwa ndani ya basi wakitoka Kabul kwenda Kandahar nchini Afghanistan, kwenye safari fupi ya huduma. Taliban wakawateka mkoani Ghazni. Mchungaji aliyekuwa akiwaongoza aliuawa, na baada yake mwanamume mwingine. Waliobaki 21, wengi wao wanawake, waliachiwa kwa mafungu hadi mwishoni mwa Agosti, baada ya maofisa wa Korea Kusini kukaa meza moja na watekaji na kukubali, pamoja na mengine, kwamba umisionari wa Wakorea nchini humo ukome. Safari ya siku chache ikaufunga mlango hata kwa Wakorea waliokuwa wakitoa huduma kule kwa utulivu. Hao hawakuwa maskini wa maarifa. Walitoka kanisa kubwa, nchi tajiri, na serikali yenye nguvu ya kuwasemea. Sisi tuna nini kati ya hivyo vitatu?

Au yule kijana Mmarekani, John Allen Chau, aliyekwenda kisiwa cha North Sentinel Novemba 2018. Sheria ya India inakataza kabisa kukikaribia, pamoja na sababu nyingine kwa kuwa watu wale hawana kinga ya magonjwa yetu, na mafua tu yanaweza kuwamaliza. Aliuawa ufukweni. Ulimwengu ulibishana kama ni shahidi au ni mjinga, na mimi sitaingia humo. Kilichonishika ni habari ndogo iliyopita haraka: wavuvi waliomvusha ndio waliokamatwa na polisi. Watu wa mashua, wenye watoto wa kulisha. Siku zote pembeni ya msafara kuna mvuvi, dereva, mpishi, mwenye nyumba, na hawa hawamo kwenye taarifa tunazosomewa kwenye sinodi.

Najua jibu ambalo wengi wenu mnalo tayari, kwa maana nimelisikia kwenye semina: "Hata sisi tulifikiwa na watu waliojitoa mhanga." Ni kweli, na mimi ni tunda lake. Lakini tukiisema historia hiyo tuiseme yote.

Mwaka 1891 Wamoravian na wamisionari wa Kilutheri wa Berlin walifika Unyakyusa kwa wakati mmoja. Georg Martin, mmoja wa Wamoravian wa kwanza, alikufa kwa homa mwaka huo huo, kazi haijaanza. Aliyewaongoza wa Berlin, Alexander Merensky, hakuwa mgeni wa uadui. Miaka ya 1860 alikuwa Afrika Kusini kwa Wapedi, chifu Sekhukhune alipoanza kuwatesa Wakristo. Merensky akafanya nini? Aliondoka pamoja na waumini wake, akaanzisha makazi ya Botshabelo mwaka 1865 ili wapate pa kukimbilia. Alitangulia kutafuta mahali pa kuwaficha watu. Na huku kwetu hawakubatiza wiki ya kwanza wakatuma habari Ulaya. Walikaa, wakajenga, wakajifunza Kinyakyusa, wakaugua, wakazika, na miaka ikapita kabla ya ubatizo wa kwanza. Wamisionari wa Afrika, wale wa kanzu nyeupe ambao wazee wa Mbeya na Rukwa wanawakumbuka, mwanzilishi wao Kardinali Lavigerie aliweka miaka 4 ya mafundisho kabla ya mtu kubatizwa. Miaka minne! Sisi beseni linatoka kwenye begi siku ya tatu.

Halafu kuna upande wa pili tunaoupenda kuuruka. Walikuja nyuma ya bendera. Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa safarini upande wa Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili, vita vya Maji Maji vikiwa vimeanza. Peramiho ikachomwa. Kule Ubena kituo cha Berlin cha Yakobi kikashambuliwa. Wapiganaji hawakuwa wakijibu Zaburi. Walikuwa wakijibu kodi, viboko na kazi za kulazimishwa, na mmisionari walimwona upande wa Mjerumani. Kijana wetu wa leo hana jeshi nyuma yake, ashukuriwe Mungu. Lakini huko anakokwenda huenda akahesabiwa mtu wa Wazungu vilevile, hasa akibeba vipeperushi vilivyochapishwa Marekani na kamera ya kurekodia shuhuda.

Na jambo ninalolipenda kuliko yote katika historia yetu ni la mwaka 1916. Waingereza waliingia, Wajerumani wakakamatwa na kuondolewa, na sharika za Konde, yaani huku kwetu Unyakyusa, zikabaki na walimu wa hapa hapa, Wanyakyusa na jirani zao, Waskoti wa misioni ya Livingstonia wakiwatazama kwa mbali kutoka Unyasa, Malawi ya leo. Kanisa halikufa. Lilisimama kwa watu ambao lugha ilikuwa yao, ukoo ulikuwa wao, na hawakuwa na meli ya kupanda. Kama ninyi viongozi mnaijua habari hii, na mnaijua kwa maana mnaihubiri kwenye jubilei, inakuwaje mtu wa namna hiyo hiyo kule ng'ambo, mwenyeji, mwenye ukoo, asiye na meli, mnamfanya picha ya ukutani?

Wapo waliokwenda kwenye hatari na hakuna anayeweza kuwaita wazembe. Masista wa Consolata tunawajua vizuri hapa Iringa. Mmoja wao, Sista Leonella Sgorbati, alipigwa risasi Mogadishu tarehe 17 Septemba 2006 akitoka kufundisha wauguzi. Alikuwa na miaka 65. Alikuwa ameishi Kenya tangu miaka ya 1970 akifundisha uuguzi, na Somalia alikwenda kwa kazi hiyo hiyo. Neno lake la mwisho lilikuwa la kusamehe. Pamoja naye alikufa mlinzi wake, Mohamed Mahamud, Mwislamu, baba wa watoto. Kanisa lilimtangaza Leonella mwenye heri mwaka 2018. Sista mwingine, Maria De Coppi, wa shirika la Wakomboni, aliuawa Septemba 2022 huko Chipene, kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo tu ya Ruvuma kwa lugha ya ramani. Alikuwa na miaka 83 na alikuwa Msumbiji tangu 1963. Wanawake hawa walikuwa na shirika lililowalea, lugha waliyoisema, kazi ambayo hata asiyeamini aliihitaji, na walikuwa wamejua kwa miaka mingi kinachoweza kuwapata. Waliamua wao. Kijana wetu aliyepewa bahasha ya nauli baada ya mkesha, huku vinanda vinapigwa na mchungaji anauliza "nani atakwenda?", ameamua nini?

Mtasema sina imani. Nimeambiwa hivyo tayari, na mtu mwenye umri wa mwanangu. Lakini Bwana aliyesema anawatuma kama kondoo kati ya mbwa mwitu, katika mstari huo huo aliwataka wawe na busara kama nyoka, na mistari michache mbele akawaambia wakifukuzwa mji huu wakimbilie mwingine. Paulo alitoroshwa Dameski ndani ya kapu, usiku, kupitia ukuta. Yerusalemu, walipotaka kumchapa, alimwuliza akida kama ni halali kumpiga Mrumi. Alijua sheria na aliitumia. Hakuna aliyemwita mwoga.

Halafu kuna watu wetu ambao wameshafika huko na hamjui hata majina yao. Mabinti wa Ileje na Makete wanaokwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Wauguzi, madereva, mafundi, wanafunzi waliopata ufadhili. Wanaondoka kwa kuagwa na mama zao tu, hakuna anayewaita mbele ya madhabahu kwa kuwa hawakujaza fomu ya misioni. Wale wanaume 21 waliochinjwa ufukweni Libya, video yao ikatoka Februari 2015, walikuwa vibarua wa ujenzi: Wamisri 20 na mmoja kutoka Ghana. Hakuna kanisa lililokuwa limewatuma kuhubiri. Binti anayelea watoto wa tajiri huko Riyadh akasali jikoni kimya kimya anahitaji mchungaji anayepokea simu saa sita usiku, na mtu anayejua taratibu za ubalozi wetu endapo mwajiri atamnyang'anya pasipoti. Hilo ni la gharama ndogo na halina picha nzuri, ndiyo maana halipo kwenye bajeti.

Tukifika kwenye bajeti, hapo mimi niko nyumbani. Ninazo nakala za maombi ya fedha yaliyopita mikononi mwangu. Nauli ipo. Fulana zenye nembo zipo. Vipaza sauti vipo, na safari moja drone ilikuwepo, mnisamehe, drone! Bima ya afya hakuna. Gharama ya kumrudisha mtu nyumbani, awe mzima au kwenye jeneza, hakuna. Ada ya watoto wake akifungwa hakuna. Mwalimu wa lugha hakuna. Wakili wa kutusomea sheria za nchi hiyo kwa saa moja hakuna. Mke wa mmoja wa vijana hawa alikuja kwangu kuomba hela ya unga wakati mumewe yuko "shambani mwa Bwana", na nilimpa kutoka mfukoni mwangu kwa sababu hapakuwa na fungu.

Ninaomba hivi. Kwanza kabisa, picha na majina ya waumini wa nchi hizo zikome leo, bila kusubiri kikao: kwenye simu, kwenye projekta, kwenye kalenda za mwaka mpya. Zilizopo zifutwe. Wafadhili wa nje wakidai picha ndipo watoe fedha, fedha hizo waende nazo. Hili halina gharama hata senti.

Kisha asitumwe mtu mahali ambapo waumini wenyeji, kama wapo, hawajaulizwa na hawajakubali. Wakisema "msije", jibu ni kutokwenda. Wakisema "tutumieni muuguzi, hatutaki mhubiri", atumwe muuguzi, na akafanye uuguzi kweli, asiende kama kifuniko cha mambo mengine, maana udanganyifu huo ukigunduliwa unawaharibia wauguzi wote wanaomfuata. Mtu akae mwaka mzima akijifunza lugha na dini ya watu anaowaendea kabla ya kukata tiketi. Tuna vyuo vya theolojia na vyuo vikuu vya kanisa hapa hapa Mbeya na Iringa, vinaweza. Mke, mume au wazazi wake waketishwe, wasomewe hatari bila kupambwa kwa nyimbo, na makubaliano yaandikwe: akifungwa nani anafanya nini, akifa nani anamlea mtoto wa nani na hadi darasa la ngapi. Ninajua wazee wetu wataona vibaya kuandika habari za kifo cha mtu aliye hai. Tunaandika wosia wa mashamba ya chai bila woga. Hili nalo tutalizoea.

Sinodi na mikutano mikuu ya majimbo ipo. Naomba jambo hili liwekwe kwenye ajenda kwa jina lake, lisifichwe ndani ya "mengineyo" ambako mambo huenda kulala, na wajumbe wake wawemo wanawake waliobaki nyumbani waume zao walipotumwa. Waulizwe wao kwanza.

Kwa upande wangu, sadaka ya misioni ya usharika wetu iko benki, na hundi haitoki bila saini yangu na za wazee wawili. Nimeshazungumza nao. Fomu yoyote itakayoletwa kuomba fedha za kumpeleka mtu kwenye nchi za namna hii bila mistari ya bima, lugha, familia na barua ya waumini wa kule, tutairudisha kwa mwandishi wake siku hiyo hiyo. Mkiona inafaa kumweka mhazini mwingine, mkutano mkuu wa usharika ndio wenye mamlaka hayo, na daftari nitalikabidhi likiwa limefungwa hesabu.

Wenu katika Kristo,

Mhazini wa kamati ya misioni,
Rungwe